Ndani ya Duara

Tulia, Bi Leokadia. Ni mimi, Noreen,
mkono ule ule, kitana kile kile.
Mjukuu wako alinipigia simu alfajiri:
"Bibi kaacha neno, nywele zake asiziguse mwingine."
Nimeingia kwa mlango wa nyuma,
mlango wa majeneza na maua,
gari nimeliacha mtaa wa pili, kama mwizi.

Miezi kumi na minne.
Ulidhani nimekukimbia?
Siku ile dukani, pale penye viazi,
uliniinamishia kichwa nione walivyokuharibu kisogoni,
nami nikashika toroli kwa mikono miwili
isije ikajipeleka yenyewe.

Nikueleze sasa, maadamu una nafasi.
Siku ya kwanza kazini walinipa karatasi tisa:
ya kodi, ya bima, ya saizi ya aproni,
na katikati yake moja, maandishi kama mayai ya chawa.
Nilitia saini nimesimama,
mteja kichwa kimeloa ananingoja.
Kidole kimoja hakivunji chawa, husema watu;
saini moja ilinivunja vyote kumi.

Nilipoondoka
(senti thelathini zaidi kwa saa, hizo tu nilizoomba)
barua ikanifuata:
miaka miwili, maili kumi na tano
kutoka mlango wa saluni, pande zote,
nisikate, nisisuke, nisipake rangi, nisioshe,
kwa malipo au bila malipo,
kichwa cha mteja yeyote wa zamani au wa sasa.
Nikachukua ramani, na bikari ya hesabu ya mwanangu,
nikachora.
Nusu ya duara ikaangukia ziwani.
Nilicheka peke yangu jikoni, Bi Leokadia:
hata samaki wa Erie wamewekewa ulinzi
nisije nikawatengeneza mapezi!

"Siri za biashara," barua ilisema.
Siri zipi? Kwamba wapenda maji ya vuguvugu?
Kwamba nyuma ya sikio la kushoto pana kovu
la usiku ambao mumeo alibamiza mlango,
na nywele sharti zilifunike?
Hizo ulinipa mimi. Hukuwapa wao.

Sasa naendesha hadi Conneaut, ng'ambo ya mpaka wa jimbo;
theluji ikianguka natoka saa kumi na moja
kukata nywele za watu nisiojua mbwa wao wanaitwaje.
Kinyozi hajinyoi, sawa;
sasa hata jirani hamnyoi.

Jana usiku niliusoma tena mkataba, mstari kwa mstari.
Haukutaja maiti.
Wala haukuwatoa.
Wa zamani au wa sasa: wewe u yupi?

Hebu nikugeuze kidogo. Una baridi.
Pini kumi na moja, kama Jumamosi zote.
Njia upande wa kushoto. Mawimbi mawili, si matatu.

Kesho Marlene atakuja, lazima aje,
atainama juu yako na leso yake
na atajua. Mkono wa fundi una mwandiko.
Ataisoma saini yangu ya pili,
hii niliyoitia nimekaa, bila haraka.
Akitaka anishtaki; shahidi wangu ni wewe.

Bado dawa ya kupuliza.
"Funga macho," nimekwisha kusema
kabla sijakumbuka,
na kiganja changu tayari kimekukinga uso.