Kuomba Saa

Mvua ya Valdivia haina ratiba.
Ghorofa ya pili, juu ya duka la nyuzi za sufu,
nachora kisanduku ambamo mgonjwa ataandika
kinachomuuma,
kwa herufi zisizozidi mia na arobaini.

Watu wa huku hawasemi miadi.
Husema: naenda kuomba saa.
Nimezaliwa ndani ya msemo huo, nimekua nao,
sikuwahi kuusikia
mpaka nilipotakiwa kuuandika juu ya kitufe.
Nani ana saa ya kugawa?

Daktari Urrejola wa mifupa hakuwa na maneno mengi.
"Ombi liingie kama kadi. Jina, umri, sababu.
Kukubali kuwe hapa. Kukataa kuwe kule,
mbali na kidole gumba,
maana jioni mkono wangu huchoka
na sitaki kumfungia mtu mlango kwa kuteleza."
Nikakisogeza kitufe cha kukataa.
Nikakisogeza tena.
Wiki nzima nilipima kwa milimita
umbali wa ndiyo na hapana.

Kisha nikapelekwa kwa Eduvina,
miaka thelathini na moja mapokezini,
daftari lake limevimba kama mkate uliolowa.
Pembeni mwa majina, kwa penseli:
Huyu hasikii, apigiwe binti yake.
Huyu asipewe Jumanne, kivuko hakitoki.
Huyu anasema goti. Si goti. Mpe nusu saa.

"Hiyo 'si goti'," nikamuuliza, "niiweke sehemu gani?"
Akacheka, akanisogezea kikombe.
"Hiyo haiwekwi, mwanangu. Hiyo husikika."

Nilichora hata hivyo; mshahara haungoji falsafa.
Kwa neno *Linasubiri* nikachagua kijivu,
kijivu kisichomtisha mtu,
cha mto asubuhi ya Julai,
nikajisifu kimoyomoyo.

Jaribio likaanza Alhamisi.
Ombi la kwanza liliingia saa tisa usiku.
Jina: Eduvina Catrilef.
Sababu: nukta.
Nukta moja tu.
Nikasema, mama wa watu anajaribu mitambo.
Nikalifuta. Nikanywa kahawa yangu,
orodha safi kama sahani iliyorambwa.

Jumatatu akanipigia simu,
kwa sauti ileile aliyowapangia wengine:
"Saa yangu, imejibiwa?"

Sikumbuki nilijibu nini.
Nakumbuka ngazi, koti likiwa begani upande mmoja,
na Urrejola akinitazama nilivyolowa,
asiulize.
Alimpokea siku hiyohiyo, baada ya mgonjwa wa mwisho.
Mlango ukafungwa. Yaliyosemwa humo si yangu,
wala hayana kisanduku.

Sasa nimeondoa sharti la kujaza sababu.
Nimeacha mstari mtupu, mpana,
na hakuna ombi linaloweza kufutwa
bila mtu kupigiwa simu, kwa mdomo, kwa jina lake.
Mkuu wangu amekuja juu:
takwimu tutazitoa wapi? Mstari mtupu unatuambia nini?

Nililifufua lile ombi kutoka kwenye hifadhi
nikamfungulia kwenye skrini, bila neno.
Akainama. Akakunja uso.
Akalamba ncha ya kidole
akaisugua nukta,
akidhani ni vumbi.