Isidori wa Lukuledi

Mwaka huu Isidori kabebwa na jembe la kuazima.
Lake la mti mchwa wamelimaliza,
na Fulgensi seremala, yule wa mguu mbovu,
kamshikisha la kwake la shambani,
lina udongo wa jana.
Mwenyewe hakuandamana.

Tukampitisha kando ya ufuta,
kwaya mbele, mbuzi wa sadaka nyuma,
padre akinyunyiza maji kwa kitawi cha mkorosho.
Tone likanipata jichoni. Sikulifuta.

Akahubiri: mtakatifu alipokuwa akisali,
malaika walimlimia.
Mama akacheka, kanisa zima likasikia:
"Miaka arobaini nasali, Baba.
Malaika wangu ana sugu, anaitwa Ludgera."
Padre naye akacheka. Ingekuwaje?

Jioni, togwa limekwisha, tukateremkia mtoni.
Kipande chetu kilikuwa kimevunwa.
Ufuta umefungwa matita,
yamesimamishwa yakiegemeana
kama watu waliotoka msibani.

Mama akayahesabu. Akayahesabu tena.
Kisha akainama kwenye nyayo:
mguu mmoja umekanyaga,
mmoja umeburuzwa.

Akazifuta kwa pindo la kanga, nisione.
Niliona.