Kaa Kitako

Aliletwa usiku ndani ya katoni ya chupa za maji,
rangi ya ufuta, masikio yamekunjwa kama bahasha.
Muhannad mwanangu hata viatu hajavua:
"Mmoja tu, mama. Kwa kina Suhail wamezaliwa tisa."
Bi Shinuna akaikusanya shuka yake ya kusalia,
akajibana ukutani utadhani moto unapita.
"Na malaika," akasema, "mtawakaribisha wapi sasa?"
Tukafanya sulhu: uani, nyuma ya jiko,
chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji,
bakuli lake mbali na letu,
wala asitie pua mlangoni.

Hapa Ibra mwezi wa sita huna saa ya kufundishia.
Saa mbili asubuhi sakafu ya ua inaunguza nyayo.
Kwa hiyo baada ya alfajiri, milima bado ina rangi ya jivu,
natoka na papa mkavu niliyemchambua mwenyewe,
papa wa soko la wanawake, la Jumatano.
Kipande kidogo, ukubwa wa ukucha.

Muhannad alianza kwa Kiarabu: ijlis, ijlis, ijlis,
mpaka neno likayeyuka kama sabuni.
Thuraya akaja na Kiingereza alichokiokota kwenye simu.
Kilebu akawatazama kama mgeni wa harusi
asiyemjua bwana wala bibi,
akakojolea ndala.
Siku ya nne wote wawili wakalala mpaka adhuhuri.
Tukabaki mimi na yeye na papa.

Nikasema lililonijia.
Kaa.
Sikulichagua. Ndilo nililoambiwa mimi
nikiwa na magoti yenye vidonda:
kaa nikusuke, kaa ule, kaa kitako we mtoto.
Nikakipandisha kipande juu ya pua yake, polepole;
kichwa kikafuata, makalio yakashuka yenyewe.
Kaa! Na papo hapo papa mdomoni.
Ukichelewa, umemlipa kwa kuinuka.

Lakini neno hili lina vyumba vingi.
Nikitaka aketi, kaa. Nikitaka abaki pale pale
nami nirudi nyuma, hilo hilo, kaa.
Na sokoni watu huniuliza, siku hizi unakaa wapi?
Kinyama cha wiki tisa atajuaje
lipi la makalio, lipi la subira, lipi la maisha?
Nikampa "tulia" kwa ile ya pili, kiganja mbele.
Hatua moja, akatulia. Mbili, akatulia.
Ya tatu akanifuata, akanikanyaga mguu,
akakaa, anadai.

"Wacha" haijui kabisa.
Keshatafuna kamba ya nguo, mpini wa ufagio,
na nusu ya kobazi la Bi Shinuna.
Kobazi tumelifukia kimya kimya;
mpaka leo mwenyewe anadhani kaliacha harusini.

Jana niliwaita wanangu chakula. Njooni.
Wakanijibu kwa Kiarabu bila kuinua macho,
kama kawaida yao: maneno yangu yanaingia, hayatoki.
Uani mkia ukapiga ndoo.
Akaja mbio mpaka kizingitini, akasimama,
nyayo kwenye mstari, pua nje ya mlango,
akakaa.
Hakuna aliyemwambia.
Nilicheka, halafu nikaacha.

Leo asubuhi dirisha la Bi Shinuna lilikuwa wazi,
tasbihi mkononi, uso kaugeuzia ukutani.
Mimi: kaa. Yeye chini. Mimi: tulia.
Hatua nne, tano, sita, nimefika kwenye mtungi,
jua likaruka ukuta, likamshukia mgongoni,
naye anahema, ulimi nje, hakuinuka.
"We," akasema mama, bado kageuka,
"mwambie asikae juani."