Tarakimu Tano

Fundi Ambilikile, usinitajie tena injini ya mtumba.
Najua ipo. Nimeiona pale kwenye kona, imevishwa nailoni
kama bibi harusi aliyecheleweshwa na mvua.
Futa mikono. Sikiliza hii kwanza.

Asubuhi ya Juni, Isyonje, umande umeganda juu ya majani ya viazi,
maji ya ndoo yamefanya ngozi.
Huwashi ukaondoka.
Unawasha, unasubiri.
Nabandika chai, namenya kiazi,
na huko nje anakohoa, anakohoa,
kisha anapata sauti yake.
Wanangu walizijua dakika hizo kuliko kengele ya shule.

Oili kila kilomita elfu tatu.
Si elfu tatu na mia,
si baada ya mavuno,
si ngoja bei ipande.
Mwaka ule viazi vilipoozea shambani
tulikula majani ya maboga ya kuchemsha, bila mafuta.
Mafuta alipata yeye.
Mama mkwe alinuna mpaka Pasaka.

Kijiti nakichomoa, nakipangusa kwa kipande cha khanga
(maandishi yamefutika, limebaki neno moja: JIRANI),
nakirudisha, nakichomoa tena.
Nyeusi si kitu. Nyeusi ni kazi.
Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yamevuka gasketi:
zima hapohapo,
hata kama umebeba bwana harusi.
Hilo nililijua Igawa, kwa kuchelewa.
Lilinigharimu ng'ombe wawili, mmoja ana mimba.

Dashibodi ina tarakimu tano tu.
Walioiunda hawakutudhania.
Mara ya kwanza zilipogeuka sifuri zote, ilikuwa Inyala, mchana kweupe.
Nikapiga honi hadi mwenye baiskeli akaingia mtaroni na kuku wake.
Mara ya pili, Kitonga, usiku, napanda kwa gia ya kwanza,
macho kwenye mshale wa joto, siupepesi.
Nilipofika juu nikapumua, nikatazama: 00012.
Zilinipita nikiwa nazihangaikia.

Mara ya tatu usukani ulikuwa kwa Gwakisa.
Alirudi, akapaki, akala, akalala.
Asubuhi nikasoma 00031.
Sikumwambia kitu. Ana miaka kumi na tisa,
kwake ni namba.
Nilikwenda kuchora mstari wa tatu nyuma ya mlango,
nikabonyeza mno, penseli ikakatika.

Sasa unasema silinda zimeliwa. Kweli.
Anakunywa nusu lita kutoka hapa hadi Makambako,
na moshi wake wa asubuhi una rangi ya buluu,
majirani wanaanua nguo.
Lakini usianze ule wimbo wenu wa mama mzee na gari zee.
Mimi goti langu halina spea.
Yeye anazo: Mwanjelwa, duka la tatu nyuma ya wauza vitunguu,
ringi seti nzima, beringi, sili ya nyuma.
Nimeshalipia nusu.
Ninachotaka kwako ni msasa, mkono usio na haraka,
na bolti uzirudishe kila moja kwenye tundu lake,
usinibakizie mbili kwenye kopo ukasema zilikuwa za ziada.

Hiyo ni kesho.
Leo inasoma 99,996.
Kutoka hapa Uyole mpaka pale Igawilo zinatosha,
na mteremko utanisaidia, sitamlazimisha.
Panda.
Redio haipo, usiitafute.
Ukiona zile tisa zinaanza kujongea zote pamoja,
kama watu wanaoinuka kwenye benchi la kanisa,
usipige makofi, usiseme hongera.
Shika hii penseli.
Na mlango uvute kwa juu, bawaba imechoka.