Mahali Pamoja

Kurasa kumi na nne za nyumba ya wageni ya Bi Barke, Mkomani,
na juu ya kila ukurasa mistari ileile:
Mwanzo, Vyumba, Bei, Njia ya Kufika, Tupigie.
Niliinakili mimi. Nilikuwa na haraka,
na mkono wa haraka hauna haya.

Jumatatu akapiga: neno "Bei" liondoe, linatisha watu,
andika "Gharama", hata kwenye anwani.
Nikafungua kumi na nne, nikarekebisha kumi na tatu.
Ule wa picha za darini, nani huutazama?
Aliutazama mgeni kutoka Garissa,
akabonyeza "Bei", akakuta ukuta mtupu,
akalala kwa jirani.

Bi Barke hakufoka. Alinitumia ujumbe wa sauti,
dakika mbili,
na ndani yake punda alilalamika kuliko yeye.

Usiku huu, Langoni, feni inazunguka kwa kusitasita,
nimeing'oa mistari yote, ukurasa kwa ukurasa,
nikaandika faili moja, nikaiita menyu.
Kila ukurasa umebaki na mstari wa kuita tu,
kama mtu wa mlangoni anayesema: mlete yule.
Majina yamekaa kwenye orodha,
kitanzi kinayapitia, jina baada ya jina,
kinauliza: msomaji yuko hapa?
Akiwapo, kinaliwashia jina rangi ya samawati.
Asipokuwapo, kinapita kimya.

Mistari mia mbili na kumi imekuwa kumi na miwili.
Nikageuza "Gharama" ikawa "Malipo", kwa kujaribu,
kurasa zote zikageuka pamoja
kama safu nzima inapoitikia amina.
Nikarudisha. Nikageuza tena. Utoto.

Chumba cha pili mama anavuta uradi,
thelathini na tatu, thelathini na tatu,
neno lilelile, kidole kwa punje.
Nilitaka kumtania: mama, hili lingeandikwa mara moja,
na hesabu pembeni.
Sikusema. Nilisikiliza.
Hakuna punje aliyoinakili.
Kila moja aliisema upya,
na kila mara sauti ilichoka mahali pengine.

Nimehifadhi. Nazima taa.
Kesho Bi Barke atataka neno jingine,
namjua.