Vyumba Vitatu

Kikaragosi nakishona kwa kipimo cha mkono,
si cha kichwa. Kichwa ni gundi na karatasi,
huja baadaye, kama cheo.
Kwanza gumba, kisha cha shahada, kisha cha kati;
viwili vya mwisho hukunjwa kiganjani
vikalala humo mchezo mzima bila kulipa kodi.

Ndivyo nilivyomshona Bi Mapengo
mwaka tuliohamia Ibra, na mume wangu Muhenna
bado ana vidole vya fundi saa.
Gauni lake ni pembe ya kanga ya marehemu mama,
jina nimelikata kwa mkasi: ...LAKINI SISEMI.
Akitokeza juu ya pazia, kabla ya salamu:

    Mie Bi Mapengo sina
    meno wala haya sina
    nilicho nacho ni jina
    na ulimi wa kuuma.

Uani kwetu, Alhamisi usiku, walikuja na mikeka yao,
watu wa Unguja, wa Pemba, wa Bujumbura,
waliorudi pahala wasipozaliwa.
Bi Mapengo akimsuta Kadhi Ndevu
mpaka wake za watu wakajifunika nyuso kwa kucheka.
Mikeka imekunjwa. Wajukuu wanasema wanafahamu kidogo.
Wanalisema hilo kwa Kiarabu.

Basi Azzan, mtoto wa dada yangu, akatutafutia kazi
moli ya Mabela, ghorofa ya pili,
baina ya duka la viatu na ngazi inayopanda yenyewe.
Meneja kijana mpole, ana masharti:
dakika kumi na mbili. Kiarabu. Kadhi asitajwe.
Tukamnyoa Ndevu, tukamwita Daktari.
Muhenna hakusema kitu.
Mkono wake unatetema tangu mwaka juzi;
watoto walidhani Bi Mapengo anasikia baridi ya kiyoyozi,
mmoja akavua soksi akamrushia.

Dakika ya tisa Kiarabu kilimwishia.
Alisahau au alichoka, sijamuuliza.
Bi Mapengo aliinama ukingoni, akasema kama zamani:
"Kitendawili!"

Kimya. Watoto na bisi zao.
Ngazi inapanda, inapanda.
Nyuma ya pazia nimeshika sindano isiyo na uzi.
Halafu huko nyuma kabisa, penye vigari vya watoto,
sauti ya mwanamke, kama aliyeitwa jina lake:
"Tega!"

Nikachungulia. Sare ya kijivu,
mkoba wa mwenyewe begani, mtoto wa mwenyewe kiunoni.
Tajiri yake akageuka kumtazama
kama mtu aliyesikia kabati likikohoa.

"Nyumba yangu vyumba vitatu, wapangaji watano."
Alifikiri. Alifikiri kweli, hakuwa na haraka.
"Nimeshindwa."
"Basi nipe mji."
"Nakupa Muheza."

Na Muhenna, aliyeondoka Unguja ana miaka tisa,
Muheza haijui hata kwa ramani,
akaenda.
Alikwenda mkono ukitetema juu ya pazia:
akamenya machungwa, akalala kwa watu,
asubuhi akamkuta mama mmoja anaezeka bati jipya,
akamuuliza, bibi, mali hii umeitoa wapi?
Binti akazika uso kwenye kofia ya mtoto, mabega yakimcheka.
Meneja akainua saa yake. Muda.
Jibu tulirudi nalo Ibra.

Usiku Azzan anakata video iwe ya sekunde tisini.
"Mama mdogo, hapa baada ya Kitendawili
sekunde nne hakuna kitu. Nazitoa."
Nilikuwa nafumua gumba la Bi Mapengo.
Muhenna ameniomba nilipanue, ameomba
akiwa ameupa mgongo mlango.
"Ziache."
"Watu watapita, hawatangoja."
"Wapite."
Kidole chake kimesimama juu ya kioo,
hakikati, hakiachi.
"Lete mkono kwanza," nikamwambia, "nikupime."