Kata

Bwana Eirik alikuja na daftari la mistari
kukagua minofu yetu kiwandani Igogo.
Mchana, tukinawa harufu ya sangara isiyonawika,
akakionyesha kisu changu: "Kata?"
Nikamjibu, ndiyo, kata.
Akaandika, akafurahi
kama mtu aliyeimaliza lugha.

Saa nane mashine zikanyamaza.
Barafu ikaanza kutoa jasho.
"Wamekata tena!" akafoka msimamizi,
na mgeni akageuka huku na huku
kutafuta aliyeshika kisu.

Taratibu, nikamwambia,
neno hili halilali kwenye ala.
Kijana wa bodaboda akifika kwenye lile jiwe la Mabatini
anakata kona, na jiwe linabaki zima.
Maji ya ndimu ya Mama Holo, pale getini, yanakata kiu.
Mwisho wa mwezi mshahara unakuja umekatwa:
mfuko, chama, mkopo wa godoro,
bila tone la damu,
ingawa Kabula anaapa aliliona.

"Na kile kibao, Kata ya Igogo?"
Hiyo ni ofisi, huko wanagonga mihuri.
Bibi yangu kule Ukara alikuwa na kata ya kibuyu
ya kuchotea maji mtungini,
na kata nyingine, ya kitambaa kilichosokotwa,
iliyokaa kati ya utosi na ndoo.
Akasema kichwa kinamuuma.
Changu kilikuwa kinauma tangu Jumapili.

Ya Jumapili sikumfundisha.
Bwire alipiga kutoka Nansio.
Tukaongea nyavu, tukaongea ada ya mtoto,
nikauliza swali moja, dogo, jina tu la mtu,
akakata.
Mnofu ukikatwa unauona mstari.
Mimi nilibaki na simu sikioni
nikipapasa mahali kisu kilipopita.

Wiki ya pili mgeni akaingia anang'aa:
"Minza! Sigara, basi! Nimekata tamaa!"
Tulicheka meza nzima, magwanda yakatikisika,
hata msimamizi, ambaye hacheki.
Siyo hivyo, Bwana Eirik.
Aliyekata tamaa amekaa chini, ameinamisha kichwa.
"Sasa mtu akiamua, anakata nini?"
Shauri, nikasema.
Anakata shauri.
Kisu kikasimama katikati ya samaki.
Kabula akaniuliza kama nimejikata.

Jumamosi asubuhi nilikuwa dirishani bandarini,
nyuma yangu mzee na jogoo kwapani,
mbele yangu dada mwenye kalamu mdomoni.
"Nansio? Nikukatie ya kwenda tu?"
Jogoo akapiga mbawa. Foleni ikaguna.
Na ya kurudi, nikamwambia.
Jumatatu saa kumi na mbili nina zamu.